Mikwaruzo ya Saa ya Mzamiaji

Fundi saa alisikia harufu ya matope ya baharini kibandani mwake mchana kweupe. Akainama, akainusa saa aliyotoka kuisafisha. Ilikuwa kavu kabisa.

Ilikuwa saa kuukuu ya wazamiaji, nene, iliyokwaruzika kila mahali. Mjane aliyeileta alikuwa amemwomba kitu kimoja. "Itengeneze itembee tu, baba. Mikwaruzo ya marehemu usiiguse." Lakini fundi alikuwa mtu wa kung'arisha, na mkono ulimwasha. Akaisugua kwenye mashine mpaka chuma kikameta kama kioo.

Aliporudi nyumbani kula, alimkuta mkewe akisuuza sahani.

"Umejikwaruza wapi, mama watoto?"

"Sijui. Nimesikia tu mkono unawaka moto."

Ulikuwa mkwaruzo mrefu, uliopinda mwishoni kama ndoana. Fundi aliujua. Asubuhi ile ile alikuwa ameufuta ubavuni mwa saa.

Haukuishia hapo. Kila kukicha mwili wa mama wa watu ulipata alama mpya, mara shingoni, mara mgongoni, zote zile zile alizozifuta yeye, na ndani ya droo alimoifungia saa zikasikika kucha zikiparua, taratibu, kama za mtu anayepapasa akitafuta mlango, hadi jioni moja mkewe akaketi kitandani ghafla, macho yamemtoka, maji ya chumvi yakimchuruzika kidevuni, akasema kwa sauti nzito ambayo fundi hakuwahi kuisikia kinywani mwake wala mwa binadamu yeyote, "Nilikuwa na pangu pa kuparua. Umepafuta."

Fundi akakimbilia kwa mjane. Mama yule hakushtuka.

"Jini hilo lilimfuata mume wangu kutoka chini ya maji," alinong'ona. "Lilianza kumparua mwanetu. Mume wangu akapatana nalo: liparue saa, ila yeye asiivue. Akaivaa mpaka alipokufa; tangu hapo alama hizo ndizo zilizolizuia."

"Basi chukua saa yako, mama."

"Nina wajukuu humu ndani, baba. Nisamehe." Akafunga mlango polepole.

Fundi akaivaa mwenyewe.

Mkewe akapona. Akarudi kucheka na majirani, akisema dua za shehe zimejibiwa, na fundi hakumbishia. Akawa anaoga na saa, analala nayo. Mkono ukiwa umetulia mezani, alisikia chuma kikilia kidogo, na mkwaruzo mpya ukajichora mbele ya macho yake.

Juzi, wakiwa wanakula, mkwaruzo mmoja ulivuka ukingo wa saa, ukaingia kwenye ngozi ya mkono wake.

"Mbona umeacha kula?" mkewe akauliza.

"Nimeshiba kidogo," akasema, akashusha mkono wa shati.