Pasi Mpya ya Fundi Hannah

Kila Jumamosi asubuhi, akimaliza kuosha vyombo, Emily humsaidia mamake katika kibanda cha ushonaji kilicho kando ya barabara pale Ganda. Mama, ambaye wateja humwita Fundi Hannah, hushona sare za shule. Emily hukata nyuzi zilizochomoza, hutia vifungo na kupiga pasi.

Jumamosi moja palikuwa na pasi mpya ya umeme, iliyonunuliwa Malindi mjini siku mbili kabla. Emily aliichomeka, akangoja ipate moto. Alipoishika, kidole chake kiligusa skrubu ya chuma iliyo chini ya mpini. Papo hapo mkono ukarushwa, na mtetemo mkali ukampanda hadi begani. Akapiga ukelele. Pasi ikaangukia sketi ya bluu iliyotandazwa mezani.

Mama aliruka kutoka kwenye cherehani, akachomoa plagi ukutani. Pindo la sketi lilikuwa limekwisha kuungua.

"Umeumia?"

"Pasi imenipiga umeme, mama."

Mama akamkagua vidole kimoja kimoja. Alipoona hana jeraha, akaitazama sakafu ya saruji, kisha miguu ya Emily.

"Mbona huna viatu? Na mikono hii imetoka kwenye maji?"

Emily akaificha mikono nyuma. Ni kweli, alikuwa ametoka kuosha vyombo, na kandambili zake zilikuwa nje.

"Au uliiangusha nikiwa sipo?"

"Sikuiangusha, mama. Haki ya Mungu."

Mama akaiinua ile sketi iliyoungua. Kushukiwa vile kulimuuma Emily kuliko ule umeme.

Dena, kinyozi wa kibanda cha pili, alifika aliposikia kelele. Akalichukua boksi la pasi, akaligeuza huku na huku.

"Tazameni hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Limefungwa kwa karatasi ya gundi mara mbili, moja juu ya nyingine. Boksi hili lilishafunguliwa. Kuna mtu aliirudisha pasi hii, nanyi mkauziwa."

"Una hakika?" Mama aliuliza.

"Hakika sina, lakini nashuku. Mkienda kule, semeni mikono ilikuwa mikavu na viatu vilikuwa miguuni. Mkisema yote, watayatumia kuwafukuza."

Mama aliitafuta risiti, akaikunja ndani ya leso. Njia nzima kwenda Malindi aliishika ile leso kwa nguvu. Emily hakujua kama bado anamshuku yeye, au anamshuku mwenye duka.

Dukani, ukutani juu ya rafu, palibandikwa tangazo: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nimesh, mwenye duka, alisimama nyuma ya kaunta. Motiben, mamake, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango.

"Shikamoo, bibi," Emily alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Nimesh aliipokea pasi akaichunguza kama mtu anayetafuta uongo ndani yake. "Mama, kitu hiki kilitoka hapa kizima. Nyinyi mmekifanya nini?"

"Kilimpiga mwanangu umeme."

"Mikono yake ilikuwa na maji?"

Mama alimtupia Emily jicho. Emily akayakumbuka maneno ya Dena. Macho ya Nimesh yalimkazia bila kupepesa.

"Ilikuwa na unyevu," alisema. "Na sikuvaa viatu."

"Basi umesikia mwenyewe, mama!" Nimesh akaisukuma pasi kwao. "Kosa ni la mtoto. Na tangazo ni lile pale."

Machozi yalimlengalenga Emily, lakini hakurudi nyuma. "Mwalimu wetu alitusomea Katiba. Inasema anayenunua ana haki ya kupata kitu chenye ubora unaofaa, na ya kulindwa afya na usalama wake. Tangazo la dukani linaweza kuifuta?"

Nimesh alicheka kidogo. Motiben hakucheka.

"Mimi sikuja kugombana," Mama alisema. "Una testa ya kupimia umeme? Basi ipime mbele yetu, kwa mikono yako mikavu na viatu vyako miguuni."

Nimesh aliichomeka pasi, akaitia ncha ya testa kwenye ile skrubu. Taa ndogo ndani ya testa ikawaka nyekundu. Akaitoa, akaitia tena. Ikawaka tena.

"Pasi iliyo nzima haiwi na umeme mahali hapo," Motiben alisema, akiinuka kitini. "Maji yalimwongezea mtoto hatari, lakini ubovu umo ndani ya pasi. Pima nyingine, Nimesh."

Nimesh akashusha ya pili kutoka rafuni, testa haikuwaka. Ya tatu ikawaka. Jasho lilimtoka.

"Zote nilizileta kutoka Mombasa wiki iliyopita," alisema polepole. "Nilifungua kila boksi nikaona zinapata moto, nikayafunga tena. Mahali hapa sikupima. Nami nimeuziwa ubovu."

Emily akaelewa kwa nini boksi lao lilikuwa na gundi mara mbili. Lakini Mama alikuwa bado amekunja uso.

"Na hizi mbovu, kesho zitarudi rafuni?"

Nimesh alizipima zote zilizobaki, kisha akachukua kalamu nene akaandika MBOVU kwenye kila boksi la pasi iliyowasha testa, akayafunga pamoja kwa kamba ili ayarudishe alikoyatoa. Akawapa pasi ya aina nyingine, naye Mama hakuipokea mpaka ilipopimwa mara mbili mbele yake. Motiben akaongeza kitambaa cha kushonea sketi nyingine, kisha akamwamuru mwanawe aliteremshe lile tangazo. Halafu akafungua kitabu cha risiti kilichoandikwa nambari za simu za wanunuzi, akapiga ya kwanza.

"Uko Matsangoni? Ile pasi uliyonunua kwetu, unaitumia sasa? Ichomoe, mwanangu! Ichomoe kwanza, nitakueleza."

Walipotoka nje, Mama alimshika Emily bega.

"Nilikushuku wewe, nisamehe. Kisha nikamshuku Nimesh kwamba ametuuzia kwa makusudi, na hilo pia halikuwa kweli. Tangu leo nikishuku kitu nitakipima kwanza, ndipo nilaumu. Nawe umefanya vyema kusema ukweli kuhusu mikono yako. Ungedanganya wakakugundua, nani angetuamini kuhusu pasi?"

"Lakini niliogopa watatufukuza."

"Hata mimi niliogopa. Lakini kitu ulichonunua kikiwa na ubovu, usione haya kukirudisha. Tunza risiti, eleza yaliyotokea kama yalivyotokea, na udai haki yako kwa adabu. Hiyo si kwa ajili yako peke yako. Leo tungenyamaza, yule wa Matsangoni angekuwa bado anapiga pasi."