Sifuti Hata Nukta

Walikutana katika duka la kuchapishia, mchana, watu wamejaa hadi mlangoni. Mtafiti wa bahari, kitambaa cha rangi ya ndimu kichwani, alikuwa akingoja ramani yake. Mhandisi wa bandari, shati jeupe, mikono ameikunja, akaizoa kwa makosa pamoja na michoro yake. Alipoirudisha alimtania kwamba bahari yake ina homa.

"Inayo kweli," mtafiti akajibu.

Akamweleza kwamba huijenga bahari ndani ya kompyuta, mikondo, joto na viumbe vyake, kisha huisogeza miaka mingi mbele aone kitakachobaki. Palipo pekundu kwenye ramani, matumbawe yatakufa. Mhandisi alisahau hata kilichomleta. Tangu hapo simu zao hazikwisha, wakiitana Daktari wa Maji na Bwana Zege, hata wakawa wapenzi.

Kisha modeli, ile bahari ya kompyuta, ikaonyesha kwamba kuchimba mlango mpya wa bandari kungeziua nyasi za bahari mnamozaliana samaki, maana joto lilishazidhoofisha. Mtafiti alimwonyesha mpenzi wake kabla ya mtu yeyote. Wiki haikwisha, mkurugenzi wa taasisi yake akamwamuru aifute sura ya matokeo hayo kwenye ripoti yake. Kampuni ya bandari, mwajiri wa mhandisi, ilikuwa imeshapata habari na imekasirika.

Akampigia mhandisi. "Nilikuonyesha kama mpenzi, ukaenda nayo kama mwajiriwa." Akakata, wala hakupokea tena. Mama yake alimsihi asishindane na wenye nguvu. Alimjibu kwa upole kwamba joto halijui cheo cha mtu.

Siku ya mkutano wa hadhara wa kuamua kuhusu mlango ule, mtafiti aliingia na gauni jeusi lililomkaa sawasawa, akaanza kuisoma sura ile. Mwenyekiti akaamuru kipaza sauti kizimwe. Akaendelea kwa koo lake mwenyewe, mpaka mwisho.

Ndipo mhandisi alipoinuka kutoka safu ya kampuni. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyewapelekea wakuu wake matokeo yale, akiwaomba wauhamishe mlango. Wao wakakimbilia kumziba mtafiti mdomo. "Michoro ni yangu," alisema. "Siitii sahihi."

Kikao kikavunjika bila kura.

Nje, kwenye ngazi, mhandisi alimwomba radhi kwa kutomuuliza kwanza. Mtafiti alimwacha amalize.

"Kazi huna sasa."

"Sina. Na wewe?"

"Kesho wataniita. Sifuti hata nukta." Akamshika mkono, wakubwa wakiwapita. "Nitakuoa."

Mhandisi akacheka. "Mwanamke huolewa, mpenzi."

"Huyo mwingine. Mimi naoa. Mwambie mama yako Jumamosi nakuja kuposa."