Salamu Zilizomwangusha Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nuria alifagia uwanja, akachota maji, kisha akampeleka mama yake kutembea. Walitoka nyumbani kwao Maili Moja, wakafuata kichochoro mpaka kwenye duka la kona, wakarudi. Mama alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, maana upande wake wa kulia ulikuwa dhaifu tangu alipopatwa na kiharusi. Nuria alitembea upande ule dhaifu, mkono wake ukiwa tayari nyuma ya kiuno cha mama.

Dada Laurensia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alifika nyumbani kila wiki kumwangalia. Alisema mguu unapata nguvu. Nuria alifurahi kusikia hivyo, lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima raha, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Zamani, Bi Mwanakheri, mama yake, aliuza chai na bagia karibu na kituo cha mabasi. Hakuna aliyepita pale bila kusalimiwa. Aliuliza habari za watoto, za mgonjwa na za shamba, mpaka chai ikapoa. Sasa, akiwa ameketi nyumbani, bado alizungumza vizuri. Lakini akiwa njiani, watu walimsalimu naye akapita kimya, macho yameganda chini.

"Mwanakheri, umeamkaje?" Mama Sadick, jirani yao, aliuliza asubuhi moja akiwa barazani kwake.

Mama hakujibu. Alivuta mguu, akaweka fimbo, akavuta mguu tena.

Walipokwisha kupita, Nuria alimsikia Mama Sadick akimwambia mwenzake, "Huyu akikaa kwake anaongea kama chiriku. Akipita hapa, sisi kwake ni magogo. Maradhi yamempa kiburi."

Nuria aliona aibu. "Mama, watu wanakusalimu," alinong'ona.

Mama hakusema neno mpaka walipofika nyumbani na yeye kuketi kwenye kiti. "Nimemsikia," alisema akihema. "Nikiwa natembea siwezi, mwanangu. Sijui kwa nini."

Nuria hakuamini. Mdomo na mguu vinahusiana nini?

Siku ya Jumamosi walikwenda Vihingo, wilayani Kisarawe, kwenye harusi ya Anifa, binamu yake mama. Baba, Mzee Jabiri, aliazima gari la rafiki yake. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari halikuweza kuvuka kijito kilichokuwa mbele ya nyumba ya harusi. Juu ya kijito walikuwa wameweka mbao mbili pana za kupitia watu. Baba alijitwika gunia la mchele, akatangulia.

"Mshike mama yako vizuri," alisema. "Nashusha mzigo huu, narudi kuwavusha."

Lakini mama hakutaka kusubiri. Aliziona mbao, akaziona ni imara. "Twende taratibu," alisema.

Walipanda. Hatua moja, fimbo, hatua nyingine. Ng'ambo ya kijito wanawake walisimama na kanga zao za harusi, na mbele yao alikuwa Bibi Zuleha, shangazi yake mama, aliyemlea tangu utotoni.

"Karibu, mwanangu," Bibi Zuleha aliita. "Mwanakheri, karibu. Habari za siku nyingi?"

Mama alikuwa katikati ya mbao. Hakuinua uso.

Wanawake walitazamana. Mmoja akasema, wala hakuishusha sauti, "Hata shangazi yake hamwamkii?"

Nuria alitamani ardhi immeze. Aliuvuta mkono wa mama. "Mama, mwamkie bibi. Wanatuangalia. Mwamkie sasa hivi."

Mama aliinua uso na kufungua mdomo. "Shikamoo, sha—"

Mguu wa kulia, uliokuwa hewani, haukujua tena pa kwenda. Fimbo iliteleza. Nuria aliikamata kanga ya mama, nayo ikachomoka, ikabaki mkononi mwake. Mama alianguka kwa ubavu kijitoni, kichwa kikagonga jiwe.

Maji yalikuwa ya kufika magotini tu, lakini mama hakuinuka. Wanaume waliruka ndani wakamtoa. Damu ilimtiririka kutoka juu ya nyusi, na macho yake yalikuwa yamefumba. Nuria alisimama pale juu ya mbao akiwa ameikumbatia kanga tupu.

Baba alikuja mbio. "Ilikuwaje?"

"Aliteleza," Nuria alijibu. "Mbao zina matope."

Walipofika hospitali kwa gari, mama alikuwa amekwisha kufumbua macho. Alishonwa jeraha, mkono ukafungwa bandeji. Mfupa haukuvunjika. Hata hivyo baba alikuwa amekasirika sana. Aliwapigia simu watu wa Vihingo akawalaumu kwamba hawakufagia matope kwenye daraja lao. Kisha alitoa uamuzi.

"Basi kutembea," alisema. "Mguu ule haufai. Utakaa ndani, mke wangu. Sitaki kukuzika."

Mama aliinamisha kichwa. Alimtazama Nuria kidogo, kisha akatazama pembeni.

Tangu siku hiyo mama alikaa kitandani. Baba alimbeba kumpeleka msalani, akambeba kumrudisha. Alikula kidogo, akazungumza kidogo. Asubuhi moja Nuria alipomsaidia kuvaa, aliona kwamba goti la mama limeanza kukakamaa. Shuleni hakusikia alichofundishwa. Kila alipofumba macho aliiona ile kanga ikichomoka.

Dada Laurensia alipofika siku yake, alimkuta baba mlangoni.

"Ahsante kwa msaada wako, dada," baba alisema, "lakini mazoezi tumeacha tangu alipoanguka kwenye mbao mbili za kuvukia kijito."

"Naomba nimwone tu." Aliingia, akaukunja mguu wa mama, akaunyoosha, akakunja uso. "Mguu huu ulikuwa na nguvu ya kuvuka mbao mbili. Sielewi kwa nini uliangusha mtu. Akiendelea kulala hivi, utakauka, na hatasimama tena."

"Kulikuwa na matope," baba alisema.

Nuria alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Hakukuwa na matope," alisema. "Baba, nilisema uongo. Bibi alimkaribisha, mama akawa kimya, nikaona aibu. Nikamvuta mkono, nikamlazimisha aamkie. Alipofungua mdomo ndipo alipoanguka."

Baba alimgeukia mkewe. "Ni kweli?"

"Ni kweli," mama alisema. "Sikutaka mtoto abebe mzigo huo."

Nuria alilia. Baba alifungua mdomo kumkaripia, lakini dada Laurensia aliinua mkono.

"Mwache, baba. Ametupa jibu tulilolikosa." Akakaa kitandani. "Mtu mzima wa afya anatembea bila kufikiri. Miguu inakwenda yenyewe, akili inabaki huru kuongea. Kiharusi kimemwondolea mama hilo. Sasa kila hatua anaifikiria. Ukimsemesha, akili inaikimbilia salamu, mguu unabaki peke yake. Nami nina kosa. Nilimfundisha kutembea chumbani kimya, sikumpima akiongeleshwa."

Alimsimamisha mama, akamfunga mkanda kiunoni na kuushika. Mama alitembea kimya mpaka mlangoni, polepole lakini wima. Alipokuwa akirudi, dada Laurensia alisema, "Nitajie matunda."

"Embe," mama alisema, na mguu ukasita. "Na..." Mwili ukayumba. Baba alirukia kumdaka, lakini mkanda ulikuwa umemshika.

Baba alitoa simu, akawaomba radhi watu wa Vihingo.

Dada Laurensia aliwafundisha. Akiwa njiani, mama asisemeshwe. Akitaka kujibu, kwanza asimame, akite fimbo, ndipo ajibu. Mazoezi ya kutembea huku akitaja vitu yatakuwa nyumbani tu, kando ya ukuta, na mtu wa kumshika. Akili itazoea, lakini kwa subira.

Jioni ile Nuria alikwenda mwenyewe kwa Mama Sadick, akamweleza. Jirani alishika shavu. "Kumbe. Na mimi nimekwisha kumsema mtaa mzima." Kesho yake alikuja na uji wa ulezi, akaomba msamaha.

Mvua zilipokwisha, mama alikuwa akitembea kando ya ukuta wa nyumba huku akitaja mboga moja baada ya nyingine. Siku nyingine alisahau mboga, siku nyingine alisahau mguu, lakini Nuria alikuwa pale kumshika. Siku moja alifika mwisho wa ukuta akitaja mchicha, bamia, kisamvu na matembele bila kusita. Baba, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alifuta macho kwa kiganja.

"Nuria, njoo," aliita. "Ulimlazimisha mama yako kwa kuogopa macho ya watu, na hilo lilikuwa kosa. Ukaficha, likawa kosa la pili, karibu limlaze kitandani maisha yake yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kosa ni hivyo hivyo: likisemwa, hutafutiwa dawa."

"Nimeelewa, baba."

"Na mimi nimejifunza," baba alisema. "Nilitoa hukumu kabla ya kuuliza vizuri. Haya, rudini mwanzo wa ukuta. Leo nitamshika mimi, wewe utaje matunda na yeye ayarudie."