Barua za Upole kwa Jirani wa Juu

Kila asubuhi, kabla Kamusi hajamaliza kupiga mswaki, maji yalianza kumwagika kutoka ghorofa ya juu. Jirani yao, mhandisi mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea chumvi, alikuwa akimwagilia maua yake. Na si kumwagilia kwa mchezo! Maji yale yangetosha kuogesha tembo wawili, na wa tatu akabakiziwa ya kunawa uso. Yalipita kwenye ufa wa roshani yakadondokea dirishani, palepale mama yake Kamusi, fundi cherehani, alipotundika nguo zilizokamilika.

"Gauni la bibi harusi linachukuliwa Jumamosi," mama alilalamika. "Likipata doa, mteja huyu simwoni tena, wala rafiki zake. Wewe ndiye mjuzi wa Kiingereza, binti yangu. Mwandikie."

Kamusi, aliyebandikwa jina hilo darasani kwa kupenda maneno magumu, alifurahi. Juma lililopita mwalimu alimkosoa kwa kuandika "you must", yaani ni lazima. "Unamwamuru nani? Wewe jemadari?" Kisha akawafundisha kupendekeza kwa upole: "perhaps", yaani labda, "you might like to", yaani huenda ungependa.

Basi Kamusi akayamimina yote. Labda jirani huenda angependa kuzifikiria kidogo asubuhi. Akaisukuma barua chini ya mlango wake.

Jioni likaja jibu: "Asante. Kweli, asubuhi za hapa ni nzuri."

Kesho yake maji yakamwagika. Akaandika ya pili, laini kuliko ya kwanza: labda aliye juu huenda angependa kuwakumbuka walio chini.

"Fikra ya busara sana," jirani akajibu. Na maji yakamwagika!

"Kichwa chake ni jiwe!" Kamusi alifoka, akitupa kalamu.

"Labda huenda angependa kuwa jiwe," kaka yake akamdhihaki.

"Nyamaza wewe!"

Ijumaa, tone la maji ya udongo likatua begani mwa gauni. Mama alilibeba mikononi, akapanda ngazi. Kamusi akamfuata, amenuna.

"Mwambie habari ya maji," mama alisema mlangoni.

"Nimeshamwambia mara mbili, mama!"

"Kwa maneno gani?"

Kamusi akazirudia barua zake kichwani. Katika barua zote mbili, maji hayakuwamo.

Jirani alipotokea, Kamusi alijikaza akasema kwa Kiingereza: "Samahani, bwana. Maji ya maua yako yanadondokea nguo za mama. Labda ungependa kuvisogeza vyungu?"

Jirani akaliona gauni, akashika kichwa. "Maji! Nami nilidhani unajifunza kutunga mashairi!" Saa ileile akaviingiza vyungu vyote ndani.

Mama alilisugua bega la gauni kwa kitambaa safi mpaka doa likatoka.

"Mwalimu wako hakukosea," alimwambia Kamusi. "Kusema kwa upole ni kumpa mtu nafasi ya kutenda jema bila kuaibika. Lakini upole ni sahani, mwanangu. Usimpelekee mtu sahani tupu, kisha ukamkasirikia kwa kuwa hakushiba."