Kuokota Si Kuiba

Ijumaa moja ya Januari mwaka 2011, pale Mesaimeer, kwenye makanisa ya Doha, ibada ya Kiswahili ilikuwa inatoka na ya Wafilipino inaingia. Mlango ni ule mmoja, watu ni wale mia kadhaa. Augustine Onyango, katika kusukumwa, alikanyaga kiatu cha mwanamke aliyemtangulia. Mguu ukaenda, kisigino kikabaki.

Mwanamke akageuka. Mrefu, gauni la kitenge cha njano limemkaa barabara, kilemba cha rangi iyo hiyo.

"Kaka, ulikuwa unakimbilia mbinguni ama basi?"

"Basi, dada. Mbinguni hawana haraka ya kufunga mlango."

Hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akavua viatu vyote viwili, naye Augustine akamsindikiza hadi kituoni kisigino kikiwa mkononi. Alipofika Umm Salal, kwenye kambi ya wafanyakazi alikolala, alikuwa na namba ya simu ya Velma, nesi, mzaliwa wa Kakamega.

Nyinyi mliokuja Doha juzi, mnaopanda treni iliyojaa kipupwe, hamtajua raha ya kupendana kwa kadi za simu za kukwaruza. Dakika zilikuwa chache na maneno mengi. Augustine alikuwa soja katika jumba moja kubwa la maduka, kazi ya kusimama kwa saa kumi na mbili kando ya vioo vya saa na mikufu. Akitoka zamu, kabla hata ya kuvua buti, anapiga.

"Halo, soja wangu. Leo umelinda nini?"

"Vioo, laazizi. Na hakuna hata kimoja kilichoniambia asante."

"Pole. Mimi nimewadunga watu ishirini sindano, nao pia wamesahau."

"Mimi nidunge, sitasahau."

"Wewe ukiona sindano utaruka dirishani, Austine. Nakujua."

Alipenda alivyomwita Austine. Alipenda hata alivyosema pole. Wakapanga kwamba Desemba watachukua likizo pamoja, Velma ampeleke kwa mama yake. Ndipo akamsimulia habari za mama. Mama alikuwa na duka la vitambaa pale mjini Kakamega, na cherehani nne. Fujo za uchaguzi za 2008 zilipokuja, vijana walilikomba lote, hata zile cherehani zilizofungwa kwa mnyororo. Sasa mama anauza mboga kwenye meza, nje ya lile lile lililokuwa duka lake.

"Pole sana," Augustine akasema, kisha akauliza habari za hali ya hewa.

Hapo ndipo pa kusema. Hakusema. Mwanamume akipenda huwa mwoga, usinibishie.

Agosti ikaja, na ndiyo iliyokuwa Ramadhani. Jioni moja, watu wamekwisha kufuturu, Augustine, Velma na Charity, anayelala chumba kimoja na Velma, walikuwa Al Wakrah, nje kidogo ya Doha, kwenye kibanda cha Mhindi, wanakunywa chai ya karak. Televisheni ukutani ilikuwa inaonyesha miji ya Uingereza ikiwaka. Vijana wamefunika nyuso, wanatoka madukani na viatu, simu, runinga.

"Watoto wa Ulaya hao," Charity akasema. "Wana shule, wana hospitali ya bure. Wanataka nini tena?"

"Wamelelewa vibaya," Velma akasema. "Basi."

"Si malezi peke yake," Augustine akasema, macho kwenye televisheni. "Unapita dukani kila siku, unaangalia kioo, mwenye duka anakuangalia kama mwizi na hujaiba. Huna kazi. Halafu siku moja polisi wanakosana na watu, kioo kinavunjika, na hakuna anayekuuliza. Ona yule, anahangaika na vitu vya mbele. Angeenda stoo nyuma, ndiko mali iliko."

Velma akaweka kikombe chini. "Wewe umejuaje mambo ya stoo?"

Augustine akapuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Austine, nimekuuliza."

"Kisumu. Elfu mbili na nane. Kila mtu aliingia, Velma. Mimi niliokota tu cherehani moja."

"Uliokota."

"Ndiyo, watu walikuwa..."

"Kinachookotwa ni kilichoanguka. Cherehani ilianguka kutoka wapi?" Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. "Nilikuambia habari za mama, ukaniuliza kama kuna joto."

Akachukua mkoba, wakaondoka na Charity. Mhindi akaja kuuliza kama aongeze chai.

Wiki saba simu haikushikwa. Alituma ujumbe mpaka akaona haya mwenyewe. Mwishowe Charity akampigia.

"Wewe ndugu, usituchoshe. Yule bado anakupenda, lakini anasema anataka kujua utaacha lini kuokota."

Ijumaa iliyofuata akamngoja Mesaimeer, kwenye kivuli cha ukuta, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Velma alikuwa amekonda. Augustine alitamani kumshika mkono, hakuthubutu.

"Nataka namba ya mama yako," akasema.

"Ya nini?"

"Nimwambie mwenyewe, kabla sijaketi kwake Desemba. Akinikataa, nimekataliwa."

Velma akapiga yeye, akamwambia mama kuna mtu anataka kusema naye, akafungua spika.

"Shikamoo, mama. Naitwa Augustine, wa Kisumu. Nampenda binti yako. Lakini mwaka ule wa fujo niliingia dukani kwa mtu, kule kwetu, nikaiba cherehani."

Upande wa pili walisikika kuku.

"Ulikuwa na njaa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, walisema kura zetu zimeibwa. Siku ya pili nilifuata wenzangu, niliona haya kubaki nyumbani. Siku ya tatu nilienda na mkokoteni."

"Mimi nilipiga kura kama nyinyi," mama akasema. "Duka likaenda vile vile."

"Najua, mama. Sina la kujitetea."

Velma alikuwa ameshika mdomo.

"Sikiliza, mwanangu. Mwaka wa nne huu nawauzia mboga watu wa mtaa huu. Nawajua. Wengine wamevaa vitambaa vyangu. Ukiwauliza, kila mmoja aliokota. Mtaa mzima hakuna aliyeiba. Nimefika mahali nadhani vitu vyangu viliondoka vyenyewe. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba watu huiba." Akapumua. "Cherehani yenyewe iko wapi?"

"Kwa mama yangu. Anashonea sare za shule. Anadhani niliinunua."

"Aa. Basi huyo naye ameibiwa, na hajui."

Augustine akamrudishia Velma simu.

"Velma, upo hapo?"

"Nipo, mama."

"Mlete Desemba. Aje mchana, watu wamwone. Lakini sitampokea mtu aliyeniungamia mimi, mgeni, na mama yake mzazi amemdanganya. Amalize kwao kwanza."

Simu ikakatika. Velma alijifuta macho kwa ncha ya kilemba, akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya Doha.

"Umesikia, Austine?"

"Nimesikia."

"Naogopa kama wewe. Piga."

Akapiga. Ililia mara tatu. Mama yake alipopokea, ile mashine ilisikika nyuma, ikienda kasi, na mama akicheka kwa furaha ya kumsikia mtoto wake.

"Mama," Augustine akasema, "hebu simamisha hiyo cherehani kidogo."