Taya la Mama Exaucée

Nitaieleza habari hii kama ilivyotokea mtaani Kamalondo, na atakayekasirika akasirike, maana mimi nimeshakasirika. Ilianza saa sita mchana, watu watatu wakila bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja: Syntiche fundi cherehani, mama mkwe wake Mama Mwape, na Exaucée, bintiye Syntiche wa miaka minne. Mume alikuwa kazini Kolwezi. Syntiche alipotafuna, kitu kikalia kando ya sikio lake: ka. Akatafuna tena: ka, ka. Mama Mwape akatoa mkono sahanini.

"Mama Exaucée," alinong'ona, "kuko muntu anakula na weye."

Tangu siku hiyo Syntiche alipewa sahani ya peke yake, na mtoto akahamishiwa chumbani kwa bibi, mlango ukafungwa kwa ufunguo. Haiwezekani mtoto alale karibu na jini, alisema bibi. Wakaitwa watu wa maombi. Wakamwamuru Syntiche ataje jina la Yesu. Kinywa kikafunguka upana wa kidole kimoja, kikakwama. Basi, ushahidi gani tena! Wakampa kitambaa kilichopakwa mafuta, aking'ate kwa nguvu asubuhi na jioni, ili jini libanwe humo humo lisitoke kudhuru watu.

Wiki tatu aling'ata. Mwanamke mzima, anayeshonea nusu ya mtaa nguo za harusi, anang'ata kitambaa huku mtoto wake analia nyuma ya ukuta! Hasira aliimeza yote, na kila alipoimeza taya lilisaga, na harufu ya kitu kilichoungua ikampanda puani, na ule mlio ukatoka sikioni ukashuka kooni, ukawa unaitikia kila kilio cha Exaucée, mpaka mwenyewe akaanza kuamini kwamba kweli ndani yake kuna mtu, na mtu huyo ana njaa.

Alikwenda kwa daktari wa meno kwa siri. Daktari Joëlle aliweka vidole mbele ya masikio yake, akamwambia afungue na kufunga kinywa polepole. Akakuta misuli imekaza, meno yamesagika, kiungo cha taya kimechoka. Syntiche akamwonyesha kitambaa.

"Nani alikuambia kung'ata hii?" aliuliza daktari, macho yamemwiva kwa hasira. "Hii njo inakuumiza, hii kitambaa."

Akamtengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa menoni akilala. Akamwagiza akande mashavu kwa maji ya moto, ale vyakula laini, aache kukata uzi kwa meno, na mchana asiyabane meno. Baada ya mwezi na nusu maumivu yakaisha. Kinywa kikafunguka vidole vitatu.

Siku hiyohiyo Syntiche alisimama mbele ya mlango wa mama mkwe. Alikusudia kuomba kwa adabu, kama mke wa mtu anavyomwomba mama wa mumewe. Akafungua kinywa. Taya halikulia. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyefungiwa siku nyingi, na midomo ya Syntiche haikucheza hata kidogo.

"Leta mutoto."

Mama Mwape akafungua mlango. Exaucée alitoka mbio, mikono mbele, akafika katikati ya ukumbi, akamtazama mama yake usoni. Akarudi kinyumenyume, akajificha nyuma ya bibi.