Magamba ya Korongoni

Kila asubuhi Lynnet alikwenda shule ya upili kwa njia ya mkato, akivuka korongo lililo nyuma ya soko la Kosele. Siku moja, baada ya mvua kubwa, alikuta magamba meupe ya konokono wa majini yametapakaa kwenye tope. Akayafunga kwenye leso.

"Mwalimu, ziwa liko mbali," alimwambia Mwalimu Nicanor katika somo la jiografia. "Haya yalifikaje hapa?"

Mwalimu aliyageuza kiganjani, akawatazama wanafunzi. "Nyinyi mnaonaje?"

"Mamake Lynnet huuza magamba ya kulishia kuku," mwanafunzi mwenzake, Gordon, akadakia. "Gunia lilitoboka. Ama konokono walikuja na bodaboda?"

Darasa likaangua kicheko. Lynnet aliinamisha kichwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba huenda Gordon alisema kweli, kwani mama alipita korongoni kila siku ya soko. Angenyamaza, yangeisha. Lakini asingejua kamwe.

"Tukachimbe ng'ambo, Mwalimu, ambako mama hapiti," alisema. "Kama yalimwagika, huko hatutapata kitu."

"Na tusipopata?" Gordon akauliza.

"Utanicheka mpaka tufunge shule."

Jioni waliteremka na majembe. Gordon mwenyewe alianza kuchimba ukuta wa korongo upande wa ng'ambo. Udongo mweusi uliporomoka, hamna kitu. Ukaja mwekundu, hamna kitu. Kisha jembe likakwaruza tabaka gumu, jeupe, lililojaa magamba yaliyoshikana kama mawe.

Lynnet aligeuka. Upande wa pili, kimo kilekile, mvua ilikuwa imefichua mstari uleule mweupe. Hakuna aliyecheka.

"Tumesimama chini ya ziwa," alinong'ona.

Wote wakainua macho. Juu yao, mbuzi walikuwa wakila majani mahali ambapo zamani samaki waliogelea.

Gordon alipangusa gamba moja, akampa. "Dada, gunia la mamako lingekuwa kubwa mno."

Mwalimu Nicanor aligusa ule mstari taratibu. "Ningewaambia darasani, mngeandika na kusahau," alisema. "Lynnet alikubali kutafuta ukweli hata kama ungemwaibisha. Bila moyo huo, hakuna anayejifunza."

Gordon hakuwa amesogea. "Sasa Mwalimu, maji yote hayo yalienda wapi?"

Mwalimu akatabasamu. "Nyinyi mnaonaje?"